Kusindikizana kwa Treni

Mume wangu aliambukizwa mapenzi ya majani na wenzake wa ofisini. Kila ikifika Oktoba watu hao huanza kuonyeshana picha za miti: miti myekundu, miti ya njano, mtu amesimama chini ya mti kavaa sweta, kashika kikombe, anatabasamu utadhani mti kauotesha yeye. Sisi watu wa Tanga vuli ni mvua, na jani likidondoka linafagiliwa. Lakini jioni moja alirudi nyumbani hapa Houston, akavua viatu, akatangaza kwamba mwaka huu na sisi tutakwenda kutazama majani. Tena kwa treni. Alikuwa ameiona kwenye simu: treni ya kizamani yenye viti vya mbao, inakatiza porini polepole, abiria wanapunga mikono madirishani.

"Iko wapi hiyo treni?" nikamuuliza.

"Grapevine. Pale juu ya Fort Worth."

Kutoka kwetu hadi huko hakuna treni. Unaendesha gari saa nne na zaidi, malori kushoto, malori kulia, ndipo ufike mahali pa kupandia hiyo treni ya mapumziko. Nikamwambia, "Yaani tuta-drive kutwa nzima ili tukapumzike na ku-drive?" Akasema ndiyo, hasa, na akaanza kujipanga kwa mabishano, maana ananijua. Mimi ni mbishi. Nimewahi kubishana na ile sauti ya mashine ya benki kwenye simu mpaka mashine ikakata yenyewe. Lakini jioni hiyo nilisema sawa, twende. Aliniangalia kwa wasiwasi, akaniuliza kama naumwa.

Sikuwa naumwa. Nilikuwa na shida yangu Fort Worth, na shida yenyewe ilikuwa mtu.

Fort Worth ndiko nilikoanzia Marekani. Nikiulizwa kwetu ni wapi nasema Tanga. Nikiulizwa kwetu ni wapi hapa Marekani nasema Fort Worth, ingawa Fort Worth niliyoijua mimi ilikuwa majengo ya ghorofa mbili yenye rangi ya maziwa yaliyoungua, maegesho yenye mashimo, na mlango wa jirani. Jirani huyo ni mama wa Kikongo, kwao Uvira, aliyekaa kambini Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa Texas. Tulizungumza Kiswahili kila siku kwa miaka minane, na kila mmoja wetu aliamini kwamba mwenzake anakivunja. Yeye ndiye aliyekaa na wanangu nilipokuwa nikiosha wagonjwa hospitalini huku nasomea unesi. Nilikuwa nikirudi nawakuta wameshakula, wameshaoga, na wanaomba maji kwa Kifaransa.

Halafu mama yangu alifariki Tanga, na makaratasi yangu hayakuniruhusu kusafiri. Sikumwambia mtu, ila huyu jirani alisikia kilio changu kupitia ukutani. Aliingia bila kubisha hodi, akasukuma makochi yangu nje kwenye veranda, akatandika magodoro chini, akaita akina mama wa jengo zima, Wakongo, Warundi, hata mmoja wa kutoka Nepali ambaye hakuelewa kinachoendelea lakini alikuja na mchele. Tukakaa matanga kama inavyotakiwa. Tangu siku hiyo sikumwita jirani tena. Nilimwita Mama, na bado namwita hivyo.

Sasa mwanawe wa kiume aliyeko Iowa alikuwa amemwambia ahamie kwake kabla ya baridi. Habari hiyo Mama alinipa kwa simu, katikati ya habari ya samaki. Nilikata simu nikakaa jikoni nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani. Iowa! Mtu aliyezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika akafanye nini kwenye theluji? Sisi chumba tunacho, watoto wameondoka, na joto la Houston halijawahi kumpungukia mtu. Nikaamua kwamba haendi. Atakuja kukaa na sisi.

Ila neno kama hilo halisemwi kwenye simu, na mimi peke yangu sikuwa wa kulisema. Mama anamwita mume wangu mkwe, na anamheshimu kwa namna ambayo mimi sijaizoea. Neno zito lilitakiwa litoke kinywani mwa mkwe. Tukakubaliana basi: mimi nitavumilia majani yake, na yeye atasema neno langu.

Tulimkuta Mama mlangoni anatusubiri, kafunga kitenge kipya na kilemba cha kwenda kanisani. Miguuni pake kulikuwa na kikapu, ndoo yenye mfuniko, chupa ya chai na blanketi.

"Mukwe wangu, ulikonda," akamwambia mume wangu, ambaye mkanda wake umeshaongezewa matundu mara mbili. "Kule Houston haukulake?"

"Tunakula, Mama. Shikamoo."

Blanketi lilinishangaza. Nikamuuliza ni la nini. Akaniuliza na yeye, "Treni inalala wapi?"

Treni aliyowahi kupanda maishani mwake ilikuwa moja tu, ile ya kutoka Kigoma, siku alipopelekwa Dar es Salaam na makaratasi yake. Kwa hiyo alikuwa amejiandaa kwa treni. Kwenye kikapu mlikuwa na sombe, yaani kisamvu cha kwao, samaki wa kukaanga na ugali wa muhogo uliofungwa kwenye foili, chakula cha siku tatu kwa watu sita. Nilipomwambia kwamba safari nzima haifiki hata saa mbili, na kwamba treni itaturudisha palepale ilipotuchukua, aliketi kidogo kwenye ndoo. "Sasa tunaenda wapi?" akauliza. Mume wangu akamjibu kwamba tunakwenda kutazama majani. Mama akatazama mti wa pale maegesho, akanitazama mimi, akabeba kikapu chake. Blanketi pia alilibeba.

Treni yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Viti vya mbao, taa za shaba, kondakta kavaa kofia ya enzi za babu yake. Tatizo lilikuwa nje. Joto lilikuwa la Julai, mume wangu kavaa sweta la kupigia picha, jasho linamchuruzika mpaka kwenye miwani. Tulipita nyuma ya maghala, nyuma ya uwanja wa matairi, nyuma ya nyumba zenye mabembea yaliyovunjika, na miti yote ilikuwa ya kijani, haina habari na Oktoba. Jani moja la njano tuliliona. Mume wangu alilipiga picha, na baadaye kwenye simu ikaonekana ni mfuko wa plastiki.

Mama hakuhangaika na dirisha. Alifungua kikapu, behewa lote likanuka samaki, akasimama, akawakaribisha abiria. "Karibuni! Come, come! Eat!" Nilitamani kuingia chini ya kiti. Watu walitabasamu lile tabasamu la kukataa, lakini mzee mmoja Mzungu aliyekaa mbele yetu na mkewe aligeuka, akatazama samaki kwa makini, akasema asante, akachukua. Mkewe naye akachukua. Baada ya dakika kumi yule bibi alikuwa anakula sombe kwa mkono na kuuliza inapikwaje, na Mama anamweleza kwa Kiswahili chake na mikono, na wanaelewana vizuri kuliko mimi ninavyoelewana na majirani zangu wa Houston.

Mume wangu aliona wakati umefika. Watu wameshiba, mzee kafurahi, treni inakwenda polepole. Alijifuta miwani, akavuta sweta, akakohoa kile kikohozi cha wanaume wanaotumwa kuposa.

"Mama," akaanza, "sisi wanao tumekuja mbele yako tukiwa na neno."

Hapo mlango wa behewa ukafunguliwa kwa kishindo, wakaingia majambazi wawili wenye vitambaa usoni na bastola mkononi, wakapiga risasi juu.

Ilikuwa ni mchezo. Iliandikwa kwenye tiketi, tena kwa herufi kubwa: treni itavamiwa na majambazi wa kale, watoto watafurahi. Mume wangu alikuwa ameisoma. Mimi pia nilikuwa nimeisoma. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumweleza mwanamke aliyekimbia vita na watoto mgongoni kwamba watu wenye bastola wataingia, na kwamba tumewalipia.

Mama hakupiga kelele. Kufumba na kufumbua simu ilikuwa imeshaingia kifuani, hereni zimetoka masikioni, na mimi nilikuwa nimeshasukumwa nyuma yake, bonge la mwanamke mimi, nimebanwa kati ya mgongo wake na dirisha. Jambazi mmoja, kijana mwembamba, alifika kwenye kiti chetu akaomba vito kwa sauti ya sinema. Mama akamtazama toka viatuni hadi kwenye kofia.

"Weye kijana," akamwambia, "mama yako anajua hii kazi?"

Kijana hakuelewa maneno lakini sauti aliielewa. Alishusha bastola. Akasema, "Ma'am, it's just a show," mara mbili, na ya pili aliisema kama anayeomba radhi. Nikamtafsiria Mama haraka haraka, nikaongeza kwamba bastola haina risasi, kwamba kila mtu anajua, kwamba ni sehemu ya burudani. Alisikiliza yote. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Mukwe, mulilipa feza ili batuibie?"

"Ndiyo, Mama. Ni mchezo tu."

"Kwetu banatuibiaka bure," akasema, akaketi.

Alianza kucheka yeye kwanza. Alicheka mpaka kilemba kikalegea, sisi tukamfuata, na yule jambazi tukampa samaki. Lakini niliona mikono yake ikirudisha hereni na kukosa tundu. Mume wangu alinong'ona kama aendelee na lile neno. Nilimkanyaga mguu.

Kesho yake tukagawanyika. Mume wangu alikuwa na rafiki yake wa shule Garland, mtu anayefanya kazi kwenye ghala na ambaye wakikutana huzungumzia walimu waliokwishakufa. Alinishusha kwa Mama asubuhi, akachukua gari, tukapatana kwamba jioni nitapanda treni ya abiria hadi Dallas, naye atanipokea stesheni, tulale Garland. Neno, akasema, niseme mwenyewe tu; yeye kwa majambazi wale nguvu zimemwisha.

Nikawa na siku nzima ya kulisema. Kwanza nilitaka kuzunguka kidogo, nione nilikotoka. Nilikuwa nimejiandaa kuguswa moyo. Lakini majengo yalikuwa yamepakwa rangi ya kijivu, na kwenye mlango wetu wa zamani alitoka mwanamume mwenye taulo akaniuliza kama mimi ndiye niliyeleta pizza. Chumba cha mashine za kufulia za sarafu kilikuwa kimefungwa. Lile bwawa la kuogelea, ambalo kwa miaka minane lilikuwa na maji ya kijani na onyo la kutoogelea, lilikuwa limejazwa udongo hadi nusu, na kwenye udongo huo wapangaji walikuwa wameotesha lengalenga, yaani mchicha, bamia, maboga na mihogo. Mama alikuwa na shamba lake upande wa kina kirefu. Aliteremka kwa zile ngazi za chuma za waogeleaji, kitenge kakifunga kiunoni, akanichumia mboga za kupeleka Houston, na mimi nikasimama juu ya ukingo nikaona nampenda sana, nikaona pia kwamba ndio wakati wa kusema.

"Mama," nikasema.

"Shika," akasema, akanirushia boga.

Baada ya hapo wageni wakaanza. Habari kwamba nimekuja ilikuwa imezunguka jengo zima, na kila mama aliyewahi kuniazima chumvi alipita kunisalimia. Walikaa, wakaulizia wanangu, wakanishangaa nilivyonenepa, wakanena tena kuhusu Iowa: baridi yake, machinjio yake, mishahara yake. Kila nilipofungua kinywa mlango ulibishwa. Mpaka saa kumi na moja jioni sikuwa nimesema kitu zaidi ya kwamba ndiyo, nimenenepa. Mmoja wao akatupa lifti hadi stesheni.

Na hapa ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenezeka, mpaka leo sina hakika.

Mgeni kwetu hatolewi mlangoni akaachwa. Anasindikizwa. Unatoka naye, mnazungumza, mnafika kwenye kona, mnasimama, mnazungumza upya. Mwenye kusindikiza hawezi kusema nimechoka, narudi. Itakuwa amemfukuza mgeni. Ni mgeni ndiye anayetakiwa kusema, "Hapa panatosha, rudi sasa." Asipolisema, mwenyeji anaendelea kutembea. Na kama mgeni ni mdogo na mwenyeji ni mkubwa, mgeni anaona haya kumwacha mkubwa arudi peke yake, basi naye anageuka kumsindikiza nusu ya njia. Nimewaona watu wazima Tanga wakirudishana hivyo adhuhuri nzima kati ya nyumba mbili. Lakini wale walikuwa wanakwenda kwa miguu.

Treni ilipofika Mama alipanda pamoja na mimi. "Minapanda kidogo tu, niweke mufuko," akasema, maana mfuko wa mboga na boga ulikuwa mzito. Aliuweka vizuri juu ya kiti, akauhamisha, akaufunga upya, akanitengenezea na mtandio wangu. Milango ikafungwa. Treni ikaondoka.

"Mama, treni imeondoka!"

"Ninaona. Nitashuka pale mbele."

Pale mbele tulifika, milango ikafunguliwa, akatazama nje kama mtu anayetazama duka asilotaka kununua, milango ikafungwa. Akaniambia habari ya binti wa mchungaji. Kituo kingine hivyo hivyo. Tulipofika kile kituo cha karibu na uwanja wa ndege, katikati ya njia kabisa, nikakumbuka kwamba huyu ni mtu mwenye goti bovu, jua linateremka, na hajawahi kupanda treni hii hata siku moja. Ningemwachaje arudi peke yake? Nikabeba mfuko, nikashuka naye, tukavuka upande wa pili, nikamkatia Mama tiketi ya kutwa kama yangu, tukasubiri, tukapanda treni ya kurudi Fort Worth.

Simu ikalia. "Uko wapi?" mume wangu akauliza.

"Nakaribia Fort Worth."

"Unatoka Fort Worth, unataka kusema."

"Hapana. Nakwenda."

"Umesahau kitu?"

"Namsindikiza Mama."

Ni Mtanga mwenzangu, hakuuliza zaidi. Alisema tu kwamba pale aliposimama gari haliruhusiwi kukaa.

Tulifika Fort Worth. Mama akashuka, akasimama, akanipa mkono, kisha akauondoa. "Weye umenirudisha mpaka hapa," akasema, "mimi nikuache tu hivi peke yako? Nina roho gani?" Akapanda tena. Nilikuwa na nafasi ya kulisema lile neno la mgeni. Maneno manne tu. Sikuyasema, kwa sababu sikuwa nimesema lile neno langu lingine, na nilijua kwamba nikilisema hili la kumrudisha, lile lingine halitasemwa tena maishani. Na yeye Mama, ambaye hakuna desturi asiyoijua, hakunikumbusha.

Kondakta alikuwa yule yule wa treni tuliyorudi nayo. Mara ya kwanza alitazama tiketi zetu za kutwa akatushukuru. Sasa aliinama akauliza kwa upole kama tumepotea. Nikamwambia hapana, huyu mama ananisindikiza. Na ile treni iliyopita? Ile mimi nilikuwa namsindikiza yeye. Alifikiri sana, kofia kaisukuma nyuma.

"Sasa nyumbani anafika nani?" akauliza.

Lilikuwa swali zuri. Mama aliuliza kasemaje, nikamwambia, akampa ndizi.

Tulipita tena maghala, tukapita tena kile kituo cha kati, na safari hii hakuna aliyeshuka. Baada ya hapo reli inaingia penye miti karibu na mto, na jua lilikuwa limeshuka hadi usawa wa madirisha. Hapo ndipo nilipoyaona. Miti kama ishirini hivi, sijui ni miti gani, imegeuka yote, mingine ya dhahabu, mingine myekundu kabisa, na upepo wa treni unayapeperusha majani mpaka kwenye vioo vyetu. Nilitafuta simu nimpigie picha mume wangu. Halafu nikaiacha.

"Mama," nikasema, "usiende Iowa. Njoo ukae na sisi Houston. Chumba kipo. Nimekuja kwa ajili hiyo, siyo kwa majani."

Niliongea mfululizo bila kuvuta pumzi. Nikasema kuhusu goti lake na theluji, nikasema kuhusu Gulfton, mtaa wa wahamiaji kule Houston, na maduka yake yenye kila kitu anachokula, nikasema kwamba mimi nimebakiwa na mama mmoja tu duniani na sioni kwa nini niwape Iowa. Nililia pia. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake juu ya boga.

"Nilijua tangu jana," akasema. "Mukwe alivyokohoa."

"Basi utakuja?"

Alitazama nje. Miti yenyewe ilikuwa imeshapita.

"Weye nilikulea, batoto bako nilibalea. Sijute. Lakini huyu wangu nilimuacha kambini na miaka kumi na mbili. Papier zake zilikatala. Nilisema ni miezi. Alikuja hapa mwanaume, iko na ndevu, sikumujua pale airport." Akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake, kwa nguvu, kama alivyokuwa akiwafuta wanangu. "Kila siku nilikuwa ninakupikia weye, nilikuwa ninafikiri: yeye anakula nini? Sasa ananiita. Yeye hayapata bado zamu yake."

Mimi mbishi, nilitafuta cha kubisha sikukiona. Miaka minane nilikula mezani kwake, wanangu walilala mgongoni kwake, na siku zote kulikuwa na mtoto mwingine kambini ambaye sahani ile ilikuwa yake. Nilijua kwamba ana mtoto kule. Alikuwa akimtaja. Sikuwahi kukaa nikaliwaza hivyo, hadi jioni ile kwenye treni. Tuliingia Dallas tumeshikana mikono.

Mume wangu alikuwa ukumbini, sweta kalivaa upya. Alipotuona tumeshuka wawili, na nyuso zetu zilivyokuwa, akahitimisha mwenyewe kwamba bado sijasema na kwamba wakati wake umefika. Nilimtikisia kichwa. Hakuniona. Alivuta pumzi, akajiweka sawa mbele ya Mama, katikati ya watu wenye mabegi, akakohoa.

"Mama, sisi wanao tumekuja mbele yako tukiwa na neno."

Na mara hiyo hakuna jambazi aliyetokea. Alilisema lote, na alilisema vizuri kuliko nilivyolisema mimi. Alimshukuru kwa kunilea, akamwomba radhi kwa yeye kunilea vibaya tangu tuhamie Houston, akamwambia kwamba nyumba ambayo haina mkubwa inakaa kama hoteli. Mama hakumkatiza hata kidogo. Alisimama wima, kichwa kainamisha kama inavyopasa mtu anapoambiwa jambo la heshima, na alipomaliza akampa mikono yote miwili.

"Asanti, mukwe. Ulisema muzuri sana," akasema. Mume wangu alinitazama kwa ushindi. Nilimtazama mpaka ushindi ukamtoka.

Basi tukamrudisha kwa gari, maana treni ilikuwa imetosha. Njia nzima Mama na mume wangu walizungumza habari za majambazi, na walicheka. Mimi nilikaa nyuma na boga. Tulipofika, mume wangu alibaki kwenye usukani, akashusha kioo cha upande wa abiria, kwa sababu alijua itakavyokuwa: nitampandisha Mama hadi mlangoni, Mama atanisindikiza kushuka hadi kwenye gari, tutasimama kwenye kioo nusu saa, pengine nitampandisha tena.

Tulipanda ngazi polepole kwa ajili ya goti. Alifungua mlango, akawasha taa, na ndani nikaona maboksi yamepangwa ukutani, yameshafungwa, kwenye kila moja jina la mwanawe limeandikwa kwa kalamu nene. Aliweka mkoba wake mezani, akageuka ili anisindikize.

"Hapa panatosha, Mama," nikasema. "Rudi sasa."

Alisimama, mguu mmoja kizingitini. Mahali penyewe palikuwa mlangoni kwake. Hakuwa hata ametoka. Alinitazama, kisha akaurudisha mguu wake ndani.

Nilishuka. Sikugeuka, kwa sababu ningegeuka ningepanda. Mume wangu alichungulia ngazini nyuma yangu, kioo bado kakishusha.

"Mama yuko wapi? Hakusindikizi?"

"Nimemwambia arudi."

"Arudi wapi, na yuko kwake?"

"Kwa mwanawe," nikasema. "Washa gari, twende kabla sijabadilisha mawazo."